Dakika Kumi za Mbio, Siku Nzima ya Watu

Msikilizaji wa Bonde la Kilombero, uliyeko Ifakara mjini, Kidatu, Mang'ula, Mngeta au Mlimba, na wewe uliyeko ng'ambo ya mto, Lupiro na Mahenge, mazungumzo yetu ya leo yanahusu mbio za farasi. Najua utauliza: farasi gani, na wapi katika bonde hili? Nitakujibu, tena kwa urefu. Ila kwanza naomba tupige hesabu pamoja.

Nenda Nairobi Jumapili moja ya msimu wa mbio, kwenye uwanja ulioko Barabara ya Ngong. Mchana mmoja huwa na mbio kama saba hivi. Nyingi ni za mita elfu moja na mia kadhaa, ambazo farasi aliyenolewa vizuri huzimaliza kwa dakika moja na nusu au pungufu. Ile kubwa, Kenya Derby, ni ya mita 2,400, na yenyewe huchukua kama dakika mbili na nusu. Ukijumlisha zote, farasi wamekimbia kwa dakika kumi na kitu. Lakini watu wamefika tangu mchana, na wengi hawaondoki hadi jua linapoelekea kuzama. Saa zote hizo zilizobaki wanafanya nini?

Hapo ndipo siku yenyewe ilipo. Kati ya mbio na mbio hupita kama nusu saa. Watu huteremka hadi kwenye ua ambako masaisi, watunzaji wa farasi, huwazungusha wanyama hao, wakawatazama miguu, vifua na macho, wakabishana nani ana nguvu leo. Wanakula. Watoto wanakimbizana kwenye nyasi. Jamaa ambao hawajaonana miezi mingi wanakutana na kuulizana habari za nyumbani. Na zaidi ya yote wanatazamana, kwa sababu kila mmoja amekuja amependeza: mama amevaa gauni na kofia pana, kijana amepiga suti, bibi amejitanda kitenge kilichoshonwa wiki hiyo hiyo. Hawakuvaa vile kwa ajili ya farasi, maana farasi hajui suti ni nini. Wamevaliana wao kwa wao. Mimi nasema hilo ni jambo jema na la maana, kwamba watu watoke nyumbani wamejipamba, wakae mahali pa wazi wote pamoja, wapate kitu kimoja cha kukipigia kelele. Na nasema bonde letu linastahili siku ya namna hiyo.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Kwa nini Ifakara haikuwahi kuwa na uwanja wa farasi, wakati walowezi walipeleka mchezo huo kila walikoweza? Jibu kubwa ni mdudu, naye ni mbung'o. Vichaka na misitu ya miyombo inayozunguka bonde letu ni makazi yake ya tangu zamani. Mbung'o akimuuma nyati au sheshe, yule swala wetu wa bondeni, mnyama yule huendelea kula majani bila shida, kwa sababu vizazi kwa vizazi damu yake imezoeana na vijidudu anavyobeba mbung'o. Akimuuma farasi, farasi hupata homa, huvimba tumbo na miguu, hukonda hadi mbavu zikahesabika, kisha hufa. Ugonjwa huo unaitwa nagana. Chanzo chake kilifichuliwa mwaka 1895 na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu. Miongoni mwa wanyama wa kufugwa, farasi ni mmoja wa wanaoumia haraka zaidi.

Wasafiri wa zamani waliyajua haya kwa hasara. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani na kuufuata mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda. Alitaka kuona kama wanyama hao wangestahimili mbung'o. Karibu wote walimfia njiani, kwa kuumwa na mdudu na kwa mateso waliyopata mikononi mwa watu wake. Miaka mitano baadaye, 1871, Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash, mwingine zawadi ya mfanyabiashara Mmarekani aliyekaa Unguja. Walipofika Kingaru, bado karibu na pwani, wote wawili walikufa, mmoja baada ya mwingine. Stanley alimpasua mmoja akakuta minyoo tumboni. Naye mkuu wa kijiji akadai doti mbili za nguo, kwa sababu farasi alizikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Mimi naona mzee yule alikuwa na haki kabisa.

Hapa kwetu Ifakara habari ya wadudu hawa ina ukurasa wake maalumu. Mwaka 1949 alifika hapa mtaalamu kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, akichunguza kupe, mbung'o na magonjwa wanayoyaeneza. Maabara ndogo iliyoanzishwa miaka ya 1950 kutokana na kazi yake ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo, ambayo utafiti wake wa malaria umetumika dunia nzima. Kwa hiyo wadudu walewale waliotunyima farasi ndio waliotuletea wanasayansi. Ng'ombe leo wapo bondeni, kwa sababu kuna dawa za sindano na kwa sababu vichaka vingi vimekatwa kuwa mashamba ya mpunga na miwa. Lakini farasi bado ni mnyama ambaye watoto wetu wengi humwona kwenye televisheni, akiwa na askari wa kikosi cha mbwa na farasi cha polisi, au kwenye sinema.

Nairobi ni habari nyingine. Iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ina baridi, na mbung'o hawaishi pale mjini. Reli ilipofika na walowezi wakajaa, farasi walifuata. Klabu ya mbio ilikuwepo tangu mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1900, na wiki ya mbio ikawa ndiyo sikukuu ya walowezi. Walitoka kwenye mashamba ya mbali, wakajaza hoteli ya Norfolk, wakavaa mavazi waliyoagiza kutoka London. Beryl Markham, yule aliyekuja kuruka peke yake na ndege kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1936, alianza kujulikana kama mnoaji wa farasi wa mbio nchini Kenya, tena akiwa msichana bado.

Mwafrika alikuwa wapi siku hizo? Alikuwa zizini. Yeye ndiye saisi aliyeamka alfajiri, akamlisha farasi, akampiga brashi hadi manyoya yakang'aa, akamtembeza, akalala karibu naye alipougua. Jukwaani hakuwa na kiti. Uwanja wa Barabara ya Ngong ulifunguliwa mwaka 1954. Naomba uushike mwaka huo, msikilizaji. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil, wakakamata makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Mji mmoja, mwaka mmoja. Wengine walikuwa wanapimiwa kofia za kwendea kwenye farasi, wengine walikuwa wanapakiwa kwenye malori.

Siyasemi haya ili uuchukie uwanja ule. Leo jukwaani wamo Wakenya wa kila rangi na kila kabila, na wapanda farasi Waafrika wanavaa zile jaketi za rangi kali na kushinda mataji. Nayasema kwa sababu siku ya kupendeza inaweza kujengwa kwa namna mbili: kwa kuwafungia watu mlango, au kwa kuwafungulia. Kule Ascot, Uingereza, ambako Malkia Anne alianzisha mbio mwaka 1711, hadi leo lipo eneo la kifalme ambalo huingii bila kutambulishwa, na mwanamke akiingia lazima avae kofia, au pambo la kichwani lenye kitako kisichopungua sentimita 10. Wakipenda, ni kwao. Mimi siitakii Ifakara siku ya kupimana vichwa kwa rula.

Afrika Kusini wamekwenda njia pana zaidi. Mbio za Durban July zilianza mwaka 1897, nazo zilikuwa za wakubwa wachache. Leo hukusanya umati mkubwa wa watu wa kila aina katika uwanja wa Greyville, mwezi wa Julai, na watu wengi huzijua kwa mavazi kuliko kwa farasi. Wazo la mavazi ya mwaka hutangazwa mapema, wabunifu vijana hushindana, na mafundi wa Durban hushona usiku na mchana. Pesa ya mavazi hayo inaingia kwenye cherehani za pale pale.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwa ndugu zetu Waswahili wa Lamu. Lamu ni mji wa vichochoro ambamo gari halipiti, na punda ndiye lori na ndiye teksi. Hubeba mchanga, mawe ya matumbawe, magunia ya unga na wazee wanaokwenda hospitali. Kila mwaka wakati wa Maulidi, sherehe ambazo Habib Swaleh aliziasisi na Msikiti wa Riyadha ukazipa makao, na pia wakati wa tamasha la utamaduni la Lamu, vijana hushindanisha punda hao kwenye njia ya ufukweni. Hupanda bila tandiko, wamekaa nyuma kabisa karibu na kiuno cha mnyama, na mji mzima hutoka kutazama. Wanaume wamevaa kanzu zilizopigwa pasi na kofia za kutarizi mkono, akina mama wamevaa buibui na manukato ya udi unayasikia kabla hawajafika, watoto wamevaa nguo za sikukuu, wamejaa barazani, ukutani na kwenye majahazi yaliyofungwa gatini. Hakuna tiketi, wala eneo la wakubwa. Kesho yake punda aliyeshinda anabeba mchanga kama kawaida, na kijana aliyempanda anatembea mjini akijulikana jina lake.

Na Lamu wana jambo jingine la kuigwa. Tangu mwaka 1987 ipo pale zahanati ya punda, inayowatibu bila malipo, na hufanyika pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Anayesifiwa ni mwenye punda asiye na kidonda mgongoni, mwenye kwato safi na tumbo lililoshiba. Nchi yoyote inayofanya starehe kwa jasho la mnyama inapaswa kuwa na zawadi ya namna hiyo kwanza, kisha ndipo ije zawadi ya mbio.

Siku kama hiyo ya Lamu utaikuta pia Buganda, ambako koo hushindana kwa mitumbwi mirefu ziwani mbele ya mfalme wao, Kabaka mwenyewe. Kando ya ziwa, wanawake wamevaa gomesi zenye mabega yaliyochongoka na mikanda mipana, wanaume wamevaa kanzu na koti juu yake. Kila ukoo una wapiga makasia wake, ngoma zake na mashabiki wake. Hakuna farasi hata mmoja, na bado ni siku ya mbio iliyokamilika kwa kila kitu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Sisi tuna mto Kilombero. Tuna Wandamba, watu ambao maisha yao yote yamekuwa majini, wanaochonga mtumbwi kutoka kwenye gogo moja na kuuongoza kwa upondo wakiwa wamesimama wima, ndani ya mkondo ambao mgeni hathubutu hata kuketi. Kwa miaka mingi ustadi huo ndio uliovusha watu, mpunga na samaki. Tangu daraja la Magufuli lilipozinduliwa mwaka 2018, mita 384 za zege na chuma, magari yanapita juu na vijana wengi hawana tena sababu ya kujifunza upondo. Daraja ni neema, na kila anayekumbuka jinsi kivuko kilivyopinduka Januari 2016 anajua tulichoepushwa. Lakini ustadi wa mtumbwi usipopewa mahali pengine pa kuishi, utakwisha na wazee waliobaki.

Basi tuupe siku yake. Wakati unaofaa tunao. Mpunga unavunwa kati ya Mei na Julai, na kufikia Agosti mto umepungua, barabara zimekauka, na mfukoni kuna chochote. Nane Nane yenyewe, sikukuu ya wakulima, iko mwezi huo, na wengi wetu hatuwezi kusafiri hadi Morogoro kwenye maonyesho. Siku moja ya Agosti, pale Kivukoni, vijiji vya kando ya mto vishindane kwa mitumbwi. Kuwe na mbio za wazee wenye upondo, za vijana wenye makafi, na za akina mama, kwa sababu akina mama wa kando ya mto nao hupiga kafi vizuri. Watu wa Mlimba waje na treni ya TAZARA. Na wote waje wamependeza.

Ninaposema wamependeza, simaanishi watu wakakope. Tunajua ilivyo siku hizi: harusi moja ina sare, kitchen party ina sare, kipaimara kina sare, na mama anaingia kwenye kikoba kuchukua mkopo wa kitenge atakachokivaa mara moja. Siku ninayoiota haina sare. Vaa khanga yako nzuri uliyoitunza sandukuni, vaa suti ya mtumba uliyoipata mnadani na fundi akakupunguzia mikono, vaa kofia ya ukili iliyosukwa na shangazi. Ukiweza kumpa kazi fundi wa cherehani wa mtaani kwako, mpe, na umlipe kwa wakati. Mkulima aliyeinama shambani tangu Desemba, tope hadi magotini, akifukuza ndege kuanzia alfajiri, ana haki ya kuonekana siku moja akiwa ameoga, amepaka mafuta, amesimama wima mbele ya majirani zake.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipita kimya, nalo ni kamari. Mbio za farasi na kamari zimelelewa nyumba moja, na kule Nairobi dirisha la kuwekea dau ni sehemu ya uwanja. Sisi kamari tayari tunayo, hata bila farasi. Vijana wetu wanashinda kwenye mikeka ya simu na kwenye mashine za dubwi, na pesa ya gunia la mpunga inayeyuka kati ya asubuhi na jioni. Kuna wanaodai kwamba bila dau mbio hazina utamu. Mbio za Kombe la Dunia la Dubai zimekuwepo tangu 1996, ni miongoni mwa mbio zenye zawadi kubwa kuliko zote duniani, na sheria ya kule hairuhusu kuweka dau uwanjani. Watu wanajaa, na wanawake wanashindana kwa mavazi hadi usiku. Jamaa zetu Waswahili walioko Oman wanajua vilevile kwamba kule watu hutazama mbio za ngamia na farasi kwa sababu ya fahari ya mnyama na ya ukoo. Siku yetu ya mto iwe hivyo. Mshindi apewe ng'ombe, au nyavu, au mabati ya nyumba yake. Wenye mashine za kamari wasipewe hata kipande cha kivuli.

Na usalama, ndugu zangu, usiwe jambo la kukumbukwa mchana wa siku yenyewe. Mto huu una mamba na viboko, nasi tumewazika watu kwa ajili yao. Sehemu ya mbio ichaguliwe na wavuvi wenye uzoefu pamoja na askari wa wanyamapori. Kila anayeingia mtumbwini avae jaketi la kuokolea, hata kama amezaliwa majini. Watoto wakae juu ya ukingo, mbali na maji, na mtumbwi wenye injini uwe tayari tangu mwanzo hadi mwisho. Taka zote tuondoke nazo, kwa sababu bonde hili limetambuliwa kimataifa tangu 2002 kama ardhi oevu ya Ramsar, na sheshe waliobaki hapa ni hazina ambayo sehemu nyingi za dunia hazina.

Gharama si kubwa. Mitumbwi ipo, mto upo, mama lishe wapo, na vikundi vya ngoma vya Wapogoro, Wandamba na Wambunga vinangoja kualikwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuitisha kikao cha kwanza. Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa vijiji na mitaa ya kando ya mto: katika mkutano wenu ujao liwekeni jambo hili kwenye ajenda, waiteni wazee wa mitumbwi waseme, mwandike muhtasari, na muupeleke kwa diwani wenu kabla mvua hazijaanza.